Je, Gemu Zitanifundisha Kichina Kabla ya Safari ya Guangzhou?

Msomaji wetu wa Magomeni ameandika hivi: "Nina miaka 23, nauza vifaa vya simu Kariakoo. Bosi wangu amesema mwakani huenda tukaongozana hadi Guangzhou kufuata mzigo, ila anataka niwe na Kichina cha kujitetea. Kila jioni nikitoka kazini nacheza gemu, kwenye simu au kibandani. Rafiki yangu mmoja amejua Kiingereza kwa gemu tu. Je, nikibadilisha lugha ya gemu zangu iwe Kichina, kwa miezi sita nitafika? Na fedha niliyoweka niinunulie PlayStation au niilipie ada ya darasa?"

Ndugu yangu, rafiki yako hakukudanganya, ila amesahau mtaji aliokuwa nao. Kijana aliyesoma hapa Dar es Salaam amekutana na Kiingereza tangu shule ya msingi, na akiingia kidato cha kwanza hesabu, jiografia na biolojia hufundishwa kwa lugha hiyo, aelewe asielewe. Gemu ilipomkuta alikuwa na mamia ya maneno yaliyolala kichwani, aliyoyakariri kwa ajili ya mtihani bila kuyatumia popote, naye akapata mahali pa kuyaamsha. Wewe kwa Kichina huna la kuamsha. Unaanzia kwenye maandishi usiyoweza hata kuyatamka, na hapo ndipo ushauri wa kubadilisha tu lugha ya gemu unapokwama. Sikuambii uache kucheza. Nafundisha lugha za kigeni hapa mjini, na mara nyingi gemu ndiyo kazi ya nyumbani ninayowapa wanafunzi wangu. Lakini nimejifunza kwamba gemu ina tabia yake: hukufundisha maneno yale tu ambayo usipoyaelewa utakwama, tena hukufundisha wakati mikono yako imetulia.

Hilo la mikono si maneno yangu tu. Mwaka 2010 Jonathan deHaan, W. Michael Reed na Katsuko Kuwada walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi 80 wa chuo kikuu nchini Japani. Waliwapanga wawili wawili kwenye gemu moja ya muziki iliyotumia Kiingereza, mmoja akacheza na mwenzake akatazama. Walipopimwa, wote walikuwa wameokota maneno, lakini waliotazama walikumbuka mengi kuliko waliocheza. Ukiifikiria, sababu iko wazi: anayecheza amekijaza kichwa chake kazi ya kubonyeza kitufe kwa wakati wake, na akili iliyojaa kazi haina nafasi ya kupokea neno jipya.

Sasa kitazame kibanda chako cha jioni. Wawili wameshika padi, wengine watano au sita wamebanana kwenye benchi wakisubiri zamu, mwenye kibanda anahesabu dakika. Mwenye padi hasomi chochote, hata kama kioo kizima kimejaa maandishi, anatazama mpira. Wa kwenye benchi ndiye anayesoma matangazo, ndiye anayemsikia mtangazaji, na mara nyingi ndiye anayeuliza, "Hapo wameandika nini?" Kwa hiyo, kama una rafiki anayecheza gemu ya Kichina, kaa naye ukatazame. Zamu ya kusubiri, ambayo wengi huiona hasara, kwa mwanafunzi wa lugha ndiyo zamu yenye faida.

Kwa sababu hiyohiyo gemu ya mpira, ambayo nahisi ndiyo unayoicheza zaidi, ni mwalimu hafifu. Maneno yake ya kwenye menyu ni machache, na baada ya wiki moja huyasomi tena, kwa kuwa kidole kimeshajua kwamba kitufe cha tatu kutoka juu ndicho cha kubadilisha mchezaji. Mpe mtu simu iliyowekwa lugha asiyoijua kabisa, utaona anafungua kamera na kupiga picha bila kusoma neno lolote. Anafuata picha na mahali. Gemu za kupigana kwa bunduki nazo ni hivyohivyo. Mtu anaweza kuzicheza kwa Kichina mwaka mzima, akashinda kila usiku, na asijue kuomba maji ya kunywa.

Gemu inayofaa ni ile ambayo neno likikupita unapata hasara. Stardew Valley ni mfano ninaoupenda. Ilitoka mwaka 2016, ikaongezewa Kichina mwaka 2017, na baadaye ikaletwa kwenye simu. Hununuliwa mara moja, na ikishaingia kwenye simu huchezwa bila bando. Mchezaji amerithi shamba la babu yake, ananunua mbegu, anapanda, anauza mavuno, anasalimiana na wanakijiji na kuwapa zawadi, wengine wanazipenda na wengine wanakasirika. Duka kuu la mbegu la kijijini hapo hufungwa siku ya Jumatano. Mchezaji asiyejua siku za wiki kwa Kichina atafunga safari, akute mlango umefungwa, arudi mikono mitupu na siku yake imekwenda. Akikosea mara mbili, hatasahau tena kwamba Jumatano kwa Kichina ni xīngqīsān, yaani "wiki tatu", kwa kuwa Wachina wanahesabu kuanzia Jumatatu, wakati sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi na Jumatano yetu ni ya tano. Hasara ya aina hiyo, ndogo na isiyouma mfukoni, inafundisha kuliko orodha ya siku saba iliyobandikwa ukutani. Tena mazungumzo ya gemu hiyo yanakusubiri: mwanakijiji akisema neno, sentensi inabaki kwenye kioo mpaka uiguse, nawe una nafasi ya kutafuta maana yake. Minecraft nayo ina Kichina, na itakupa majina ya mbao, jiwe, chuma na mkate, lakini sentensi zake ni chache mno.

Hata hivyo usiianze Stardew Valley kwa Kichina. Watafiti wa msamiati, akina Paul Nation wa New Zealand na mwenzake Hu, walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aelewe vizuri habari bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo, yaani neno geni lisizidi moja katika kila maneno 50. Wewe leo ukifungua mazungumzo ya Kichina, maneno yote 50 ni mageni. Ukitaka kukisia, huna cha kukisia nacho. Njia ninayoipendekeza ni kuicheza kwanza kwa Kiingereza mpaka uijue kama unavyoijua njia ya kwenda nyumbani, kila mhusika anataka nini, kila kitufe kinafanya nini, kisha uirudie upya kwa Kichina. Hapo maana unayo tayari na kinachokosekana ni neno tu. Ni kama mtoto anayesikiliza hadithi ya sungura na fisi kwa mara ya kumi, mwisho anaujua, kwa hiyo masikio yake yanabaki huru kuyashika maneno.

Kuna jambo la pili ambalo wachezaji wengi hawaliulizi, nalo ni kwamba lugha ya kwenye vitufe siyo lugha ya mtaani. Weka simu yako kwa Kiswahili, utakuta kitufe kimeandikwa "Ghairi". Ni Kiswahili safi, hakina kasoro, lakini sijamsikia mteja yeyote wa Kariakoo akisema, "Naghairi ile oda ya kava." Husema, "Ile acha tu," au "Basi, nimeahirisha." Kichina kina mwanya huohuo. Kwenye maduka ya gemu kitufe cha kununua kwa kawaida huandikwa gòumǎi na cha kuuza chūshòu, maneno ya maandishi rasmi. Mtu dukani atakwambia mǎi na mài basi.

Na hayo mawili, mǎi na mài, yanastahili tuyakalie kidogo, kwa maana kazi yako nzima imo humo. Mǎi, kwa sauti inayoshuka chini kisha kuinuka, ni kununua. Mài, kwa sauti inayodondoka kwa mkato kama mtu anayetoa amri, ni kuuza. Konsonanti ni zilezile na irabu ni zilezile. Toni ndiyo inayoamua nani anatoa fedha. Mimi mwenyewe, katika siku zangu za mwanzo, nilisimama mbele ya mwenye duka la jumla nikamweleza kwa kujiamini kwamba nimekuja kuuza, naye akaniangalia mikono kutafuta bidhaa. Sasa Stardew Valley, pamoja na sifa zote nilizoimwagia, wahusika wake hawatoi sauti ya mazungumzo. Ni maandishi matupu. Ukijifunza Kichina kwa gemu isiyo na sauti utajenga kichwani toni zako mwenyewe, na toni za kubuni hung'oka kwa taabu sana. Kama nyumbani kwenu huzungumzwa Kihaya, Kisukuma au Kichaga una bahati, maana lugha hizo zina toni na sikio lako limeshazoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Aliyekulia na Kiswahili peke yake, au na Kinyakyusa ambacho hakina toni, atafanya kazi zaidi.

Kwa upande wa sauti, gemu iitwayo Genshin Impact, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Shanghai, inakuruhusu kuchagua lugha ya sauti peke yake na lugha ya maandishi peke yake, na sauti ya Kichina imo. Unaweza kusikiliza Kichina huku ukisoma Kiingereza. Ni bure, ingawa inataka simu yenye nguvu, nafasi kubwa ya kuhifadhi na bando lisilo la kubahatisha, kwa hiyo itafute sehemu yenye Wi-Fi. Onyo langu ni kwamba lugha yake imejaa miungu, mapanga na misemo ya kale. Itumie kuzoesha sikio. Anayejifunzia maneno humo atafika Guangzhou akizungumza kama mganga wa kwenye hadithi.

Usitegemee pia kwamba ukiingia mtandaoni utakutana na Wachina wa kupiga nao soga. Wachezaji wengi walioko China hucheza kwenye seva zao, ambazo hudai usajili kwa kitambulisho halisi, na wewe huku utapangwa na wachezaji wa nchi nyingine kabisa.

Sasa niingie kwenye pengo kubwa kuliko yote, ambalo kwa mfanyabiashara halizibiki kwa gemu yoyote ninayoijua. Duka la kwenye gemu halipunguzi bei. Mbegu ni sarafu 20, unalipa 20, biashara imekwisha. Hakuna "nifanyie kumi na tano, mimi mteja wako", hakuna kujifanya unaondoka ili uitwe. Wewe uliyelelewa na Kariakoo unajua kwamba bei inayotajwa mwanzo ni salamu tu. Kwa hiyo duōshao qián, "shilingi ngapi", huenda usikutane nayo kabisa kwenye gemu, kwa kuwa bei imeandikwa tayari. Tài guì le, "ghali mno", hutaisikia. Piányi yìdiǎn, "punguza kidogo", sentensi utakayoitumia mara nyingi kuliko jina lako, haimo, kwa kuwa muuzaji wa kwenye gemu hana masikio.

Hata hesabu gemu inakuficha. Kichina, kama Kiswahili na ngeli zake, hakikubali uhesabu kitu bila kuonyesha ni kitu cha aina gani. Baina ya namba na jina la kitu lazima kiingie kineno cha kuhesabia, na kila jamii ya vitu ina chake. Katoni moja ni yì xiāng. Waya wa chaji, kwa kuwa ni mrefu na mwembamba, huhesabiwa kwa tiáo, hivyo mmoja ni yì tiáo. Simu moja ni yí bù. Gemu nyingi hukwepa kazi hiyo kwa kuchora kitu na kuandika namba 5 pembeni, nawe unaelewa mara moja bila kujifunza chochote. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa anasoma alama za Kichina zaidi ya mia mbili, zote za kwenye gemu, jambo ambalo si dogo. Nilimwomba aniagizie waya 30 za chaji na katoni 2 za kava. Alikaa kimya, kisha akachora namba hewani kwa kidole. Hali hiyo imeshaelezwa kitaalamu. Merrill Swain, aliyewachunguza watoto wa Kanada waliosoma kwa Kifaransa, alieleza mwaka 1985 kwamba kuelewa unachosikia hakutoshi kukufanya uzungumze. Lazima ulazimike kutoa lugha mdomoni, ukwame, na ujaribu tena. Gemu nyingi hazikulazimishi kufungua mdomo hata mara moja.

Basi kwa jioni yako ya kawaida ningekushauri hivi. Ukishafika kwenye hatua ya kuicheza gemu kwa Kichina, cheza kwa dakika ishirini za kwanza bila haraka. Sentensi ikitokea, usiiguse. Piga picha ya kioo. Chagua neno moja tu unaloliona linarudi mara kwa mara, lifungue kwenye kamusi ya simu kama Pleco, ambayo toleo lake la msingi ni bure na linafanya kazi bila intaneti. Kwa kuwa huwezi kuchapa alama usiyoijua, ichore kwa kidole kwenye kioo na kamusi itaitambua. Sikiliza linavyotamkwa mahali popote penye sauti, lirudie kwa sauti kubwa bila kuwaonea aibu wapangaji wenzako, kisha liandike kwenye daftari pamoja na sentensi lilimotokea. Maneno matano kwa jioni yanatosha kabisa. Baada ya hapo cheza unavyotaka, hata mpira, hiyo sasa ni burudani yako na una haki nayo. Asubuhi, ukiwa kwenye mwendokasi kutoka Magomeni kwenda kazini, fungua daftari kama utapata nafasi ya kuinua mkono. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo, ndipo kasi inapungua. Marudio ya asubuhi yanaliwahi neno kabla halijapotea.

Kuhusu miezi sita, nitakuwa mkweli. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo hukipangia Kichina takriban saa 2,200 za darasani kwa mzungumzaji wa Kiingereza, na Kiswahili chetu takriban 900. Ukifanya saa moja kila usiku bila kukosa hata sikukuu, saa 2,200 ni miaka sita. Miezi sita inakupa saa zipatazo 180. Hizo hazimfanyi mtu kuwa mkalimani, lakini kwa Kichina cha kujitetea zinatosha, ilimradi zisitumike zote kwenye shamba la babu.

Ndiyo maana kwenye suala la fedha jibu langu ni moja: lipa ada. PlayStation iache, gemu ninazokuelekeza zinachezeka kwenye simu. Taasisi ya Confucius iliyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha Kichina, na ukikosa nafasi huko tafuta mwalimu yeyote mwenye subira ya kukusahihisha toni kabla hazijaota mizizi. Anza na darasa kwa miezi miwili au mitatu, upate toni, tahajia ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi kama zetu, na yale maneno 150 ambayo mpangilio wa mwaka 2010 wa HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, uliyaweka katika daraja la kwanza. Ndani ya kipindi hicho gemu ichezwe kwa Kiingereza, ili uizoee. Mwezi wa tatu au wa nne badilisha lugha, na utashangaa jinsi maneno ya darasani yanavyokurukia kutoka kwenye kioo.

Wenyeji wa Guangzhou wana Kikantoni chao, lakini kwenye biashara ya jumla Kichina sanifu kitakufikisha, na bei nyingi utaonyeshwa kwenye kikokotoo. Kwa hiyo kubaliana mapema na bosi wako maana ya kujitetea. Kwa mtu wa kazi yako ni salamu, namba hadi elfu kumi, vineno vya kuhesabia bidhaa mnazouza, siku za wiki kwa ajili ya kupanga lini mzigo utakuwa tayari, na zile sentensi tatu za kupatana bei. Mwombe akupime kwa hizo, kwa mdomo, pale dukani, kabla hajakata tiketi.